Uzi: "Wanatulisha mbolea!" Fosfeti kwenye soseji, soda na jibini, na swali ambalo wagombea hawaulizwi

Kwa wageni: huu ni uzi wa kila wiki ambapo tunachukua hoja moja inayorushwarushwa kwenye midahalo ya siasa tunaifungua mpaka ndani. Sheria ni ile ile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukiandika jina kwenye maoni nafuta, hata kama ni la mtu wangu.

Hoja ya leo niliisikia kwa masikio yangu. Mtaani kwetu kulikuwa na mdahalo wa wagombea kwenye ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, maikrofoni moja inayopitishwa. Mgombea mmoja akatoa pakiti ya soseji kwenye mfuko wa koti, akaiinua juu kama refa na kadi nyekundu. "Hii mnayolisha watoto ina kemikali ya mbolea! Ina kemikali ya sabuni! Inaleta kansa, na Ulaya walishaipiga marufuku. Nikiingia, mwezi wa kwanza naizima." Ukumbi ukalipuka. Mpinzani wake akachukua maikrofoni, na badala ya kumuuliza ni kemikali gani, akasema, "Huyu anataka kuua kazi ya vijana wetu wa smoki." Makofi tena, karibu sawa na ya kwanza. Msimamizi akasema muda umeyoyoma, twende kwa barabara.

Nilikuwa nimeketi nyuma na shangazi yangu. Shangazi figo zake zilikataa miaka mitatu iliyopita. Mara mbili kwa wiki anaenda kusafishwa damu, saa nne kwenye mashine. Akaniinamia akauliza, "Hiyo kitu anasema, ndiyo ile fosforasi daktari hunipigia kelele nayo?"

Sikuwa na jibu. Mimi nasomea sayansi ya siasa. Kemia niliiacha kidato cha pili nikiwa na furaha. Lakini lile swali lilinikaa, nikasoma wiki mbili. Ninachoandika hapa ndicho nilichopata. Si ushauri wa tiba. Kama una figo mbaya, daktari wako na mtaalamu wa lishe wana neno la mwisho, si mimi.

Twende.

Kemikali yenyewe inaitwa fosfeti. Ni fosforasi iliyoungana na oksijeni, na ndiyo sura ambayo fosforasi huja nayo kwenye udongo, kwenye miili na kwenye chakula. Mtu mzima ana karibu gramu 700 za fosforasi mwilini, na takriban asilimia 85 yake iko kwenye mifupa na meno. Iliyobaki inafanya kazi kila mahali: kwenye vinasaba vyako, kwenye kuta za seli, kwenye ile molekuli inayobeba nguvu kila unapokunja kidole. Bila fosforasi hakuna wewe. Maharagwe yanayo, maziwa yanayo, omena wanayo, nyama inayo, unga wa ugali unao.

Sasa mbolea. Mgombea hakudanganya kabisa. DAP, ile mbolea ya kupandia ambayo kila msimu inaleta kelele za bei, ni fosfeti. Yote huanzia kwenye mwamba wa fosfeti. Hapa jirani, Minjingu nchini Tanzania, karibu na Ziwa Manyara, mwamba huo unachimbwa na kutengenezwa mbolea. Kwingine mwamba kama huo unageuzwa kuwa asidi ya fosforiki. Asidi hiyo ikienda njia moja inakuwa mbolea. Ikisafishwa zaidi, mpaka risasi, aseniki na uchafu mwingine ushuke chini ya viwango vilivyowekwa, inaingia kwenye chakula. Na sabuni? Kweli pia. Kuna aina ya fosfeti iliyotumika sana kwenye sabuni za unga kwa sababu inalainisha maji magumu. Nchi nyingi ziliibana huko, ila si kwa sababu ya sumu kwa mtu. Fosfeti ikifika ziwani inarutubisha mwani, mwani unaoza, samaki wanakosa hewa. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na watu wa Ghuba ya Winam wataielewa bila mimi kuongeza neno.

Lakini kusema "ni ya mbolea" hakukuambii kama chakula ni salama. Chumvi inahifadhi ngozi za ng'ombe kabla hazijafika kiwandani, na bado unaitia kwenye sukuma wiki. Maji yanapoza injini ya matatu. Swali la maana kuhusu kitu chochote unachokula ni: kiasi gani, kwa nani, mara ngapi? Pale ukumbini hakuna aliyeliuliza.

Kwa nini kiwanda kinaitia? Hapa ndipo nilipochelewa kulala, kwa sababu ni stori tamu kuliko nilivyodhani.

Anza na soseji na smoki. Mnyama akishachinjwa misuli inakaza, protini zake zinashikana kama mlango uliofungwa kwa ndani, na nyama hiyo ukiisaga na kuipika inatoa maji na mafuta, inabaki kavu, inavunjikavunjika. Fosfeti inafungua ule mlango. Protini zinaachana, zinavuta maji na kuyashika, zinazingira mafuta yasikimbie. Ndiyo maana smoki ikipasuliwa inakuwa laini na yenye majimaji, na haichakai hata ikikaa kwenye toroli tangu asubuhi. Fosfeti pia inashika chembe za chuma na shaba zinazofanya mafuta yaharibike na kutoa harufu. Kwa kiwanda hii ni faida mara mbili: bidhaa inadumu, na maji yanauzwa kwa bei ya nyama. Hapo pa maji ndipo mimi ningempa mgombea nusu alama kama angepataja. Samaki na kamba wa kugandishwa nao hulowekwa kwenye fosfeti kwa sababu hiyo hiyo. Unanunua kilo, ukiikaanga inabaki robo tatu, unalaumu sufuria.

Jibini, au chizi kama tunavyoita mtaani. Weka jibini ya kawaida kwenye sufuria uipashe moto: mafuta yanajitenga juu, chini inabaki kitu kama ubani. Mwaka 1911 Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, waligundua kwamba ukitia chumvi ya sitreti inayeyuka laini bila kujitenga. Baadaye fosfeti zikaingia kazi hiyo hiyo. Zinanyang'anya protini ya maziwa ile kalsiamu inayoifunga, protini inalegea, inashika mafuta na maji pamoja. Vile vipande vya mraba vya chizi kwenye baga, visivyojali joto wala friji, ndiyo hiyo.

Vingine nitavipita haraka. Poda ya kuokea keki: mara nyingi kuna fosfeti ya kalsiamu ndani yake, inakutana na magadi na maji, hewa inatoka, keki inapanda. Profesa mmoja wa Harvard, Eben Horsford, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1856. Viazi vya kugandishwa: fosfeti inazuia chipsi zisigeuke kijivu. Maziwa ya kopo na krima ya unga ya kahawa: inazuia mabonge. Soda nyeusi: asidi ya fosforiki ndiyo inayokupa ule ukali kwenye ulimi. Soda za machungwa na ndimu kwa kawaida hutumia asidi ya sitriki badala yake.

Kwa hiyo si kitu kimoja, ni familia. Kwenye pakiti utaziona kwa namba: 338 hadi 341, 343, halafu 450, 451 na 452. Wakati mwingine kuna herufi E mbele. Au wameandika jina refu la kukuchosha. Njia rahisi: tafuta herufi PHOS katikati ya neno lolote kwenye orodha ya viambato. Ukiiona, umeipata.

Sasa usalama.

La kansa nitalimaliza kwa aya moja. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia upya ushahidi wote kuhusu fosfeti hizi na haikuona wasiwasi wa kansa wala wa kuharibu vinasaba. Nadhani mgombea alichanganya mafaili. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ni kweli na ni nzito. Lakini kati ya nyongeza za kiwandani, inayotajwa zaidi kwenye mjadala huo ni naitraiti, namba 250, ile inayofanya nyama ibaki na rangi ya waridi. Na wengine bado wanakumbuka ile kashfa ya 2019 ya nyama za supamaketi kutiwa dawa ya kuonekana mbichi. Hiyo nayo ilikuwa salfaiti. Kemikali tatu, hofu moja. Mwanasiasa akizikoroga kwenye sufuria moja, kesho akithibitishiwa kwamba fosfeti haileti kansa, watu watadhani na soseji imesafishwa jina. Haijasafishwa.

Lakini EFSA hao hao hawakuiachilia fosfeti iende bure, na sehemu hii upande wa "acheni biashara za vijana" hawataki kuisikia. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilikuwa imeweka kikomo mwaka 1982: miligramu 70 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ukihesabu chakula chote. EFSA mwaka 2019 wakashusha hadi 40. Piga hesabu. Mtu wa kilo 60 anapata nafasi ya miligramu 2,400 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anapata 800. Na walipolinganisha na ulaji halisi wa Ulaya, wakakuta watoto wadogo wa kawaida, si walafi, wanaweza kuwa wanapita kikomo hicho. Vijana wanaokula sana vyakula vyenye fosforasi nao pia.

Halafu wakaandika jambo ambalo nililisoma mara tatu: kikomo hicho cha 40 hakiwahusu watu ambao figo zao zimepungua nguvu kwa kiwango cha kati au kikubwa. Kwa watu hao hata kilicho chini ya kikomo kinaweza kuwa kingi.

Hapo nikamkumbuka shangazi na lile swali lake.

Figo nzima inatoa fosforasi ya ziada kwenye mkojo, wewe hata hujui. Figo ikichoka, fosforasi inabaki kwenye damu. Mwili unajaribu kujitetea kwa homoni zinazonyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na baada ya muda kalsiamu na fosforasi zinaanza kujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu, mishipa inakuwa migumu kama bomba lililoota chokaa. Mifupa inadhoofika, ngozi inawasha usiku kucha. Shangazi hulala na kitana kando ya mto, cha kujikunia mgongo. Nilidhani ni mzio.

Mashine haisaidii kama unavyofikiri. Kikao kimoja cha saa nne huondoa takriban miligramu 800 hadi 1,000 za fosforasi. Mgonjwa wa vikao viwili kwa wiki, kama ilivyo kwa wengi hapa kwetu, anatoa labda 2,000 kwa wiki nzima. Ukila na kufyonza 500 tu kwa siku, kwa wiki umeingiza 3,500. Hesabu haikubali. Ndiyo maana wanapewa vidonge vya kumeza na chakula, vya kuikamata fosforasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu, na ndiyo maana daktari "anapiga kelele".

Sasa kuna siri ambayo karatasi ya lishe ya shangazi haikuwa nayo. Alipoanza matibabu alipewa karatasi moja ya kupigwa fotokopi: punguza maharagwe, punguza maziwa, punguza njugu. Akatii. Na kwa sababu asubuhi lazima ale kitu, akabadilisha: soseji mbili na kipande cha mkate. Karatasi haikuwa imekataza soseji.

Lakini fosforasi si fosforasi tu. Ile ya kwenye maharagwe na nafaka imefungwa ndani ya kitu kinaitwa faiteti, na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kukifungua vizuri. Sehemu kubwa inapita na kutoka. Kwa kawaida tunafyonza nusu au chini ya nusu. Ya nyama na maziwa tunafyonza kiasi cha nusu hivi au zaidi kidogo. Ile ya kuongezwa kiwandani haijafungwa na chochote, ni chumvi iliyo tayari kuyeyuka, na makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa figo ni kwamba karibu asilimia 90 inaingia kwenye damu. Shangazi alikimbia mlango mdogo akaingilia mlango mkubwa. (Kabla hamjanirukia: maharagwe yana potasiamu pia, ambayo ni hatari nyingine kwa figo. Sijasema mtu aanze kula githeri. Nimesema karatasi ilikuwa nusu.)

Je, kuna ushahidi kwamba kusoma lebo kunasaidia, ama ni maneno? Upo. Mwaka 2009 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililofanywa kaskazini mashariki mwa Ohio kwa wagonjwa 279 wanaosafishwa damu. Nusu yao walifundishwa kukwepa vyakula vyenye nyongeza za fosfeti, dukani na kwenye mikahawa ya haraka. Wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu fosforasi ya damu ilishuka kwa kila kundi, lakini kwa waliofundishwa ilishuka kwa 0.6 zaidi kwa kipimo cha miligramu kwa desilita. Hawakupewa dawa mpya. Walifundishwa kusoma pakiti.

Kwa mtu mwenye figo nzima, hali ni tofauti, na hapa lazima niwe mkweli hata kama itapunguza makali ya uzi. Kuna tafiti zilizofuata maelfu ya watu wa kawaida zikaona kwamba wenye fosforasi ya juu zaidi kwenye damu walipata magonjwa ya moyo zaidi. Lakini kuonekana pamoja si kusababishana. Mtu anayekula nyama za kusindikwa kila siku ana chumvi nyingi, mafuta mengi na mambo mengine ya kumuumiza moyo. Na soda nyeusi ambayo kila mtu anaiogopa? Kopo moja lina takriban miligramu 40 za fosforasi. Glasi ya maziwa ina zaidi ya 200. Ukitaka sababu ya kuiacha soda, sukari inatosha, huna haja ya kwenda kutafuta fosfeti.

Kwa hiyo soseji ya Jumapili haitamuua mtu mwenye afya. Tatizo ni kwamba ugonjwa wa figo hukua kimya kimya. Ukiwa na kisukari au presha ya muda mrefu, figo zinaweza kuwa zimepoteza nusu ya kazi yake na bado unacheza mpira Jumamosi. Na presha tunazo wengi, tunazijua wachache.

Sasa "Ulaya walipiga marufuku." Hii ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu kwenye maktaba, kwa sababu ukweli ni kinyume chake, na ni somo zuri la siasa kuliko mihadhara mingi niliyolipia.

Mwaka 2017 Tume ya Ulaya ilipendekeza kuruhusu rasmi fosfeti kwenye ile nyama ya kebabu inayozungushwa kwenye chuma, ile ya kugandishwa. Sheria yao ilizikataza kwenye nyama mbichi zilizoandaliwa, isipokuwa zile zilizopewa ruhusa maalumu, na watengenezaji walikuwa wanazitumia hata hivyo kwa sababu, walisema, bila hizo nyama haishikani kwenye chuma. Kamati ya afya na mazingira ya Bunge la Ulaya ikapinga, ikisema tusubiri EFSA wamalize tathmini yao. Magazeti yakaandika kwamba Ulaya inataka kupiga marufuku kebabu. Haikuwa hivyo, lakini kichwa cha habari kama hicho huwezi kukikimbiza ukakikamata. Tarehe 13 Desemba 2017, Strasbourg, wabunge wakapiga kura ya kuzuia pendekezo: 373 wakasema lizuiwe, 272 wakasema lisizuiwe. Waliotaka kuzuia walikuwa wengi, na wakashindwa. Kanuni zilihitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliopiga kura. Yaani 376. Kura tatu. Fosfeti zikaruhusiwa, na mwaka na nusu baadaye EFSA wakatoa ile tathmini ya kushusha kikomo.

Kwa hiyo mtu akisimama hapa kwetu aseme Ulaya walipiga marufuku, muulize lini. Wana vikomo, ndiyo. Kwenye nyama za kusindikwa, kwa mfano, kikomo ni gramu 5 kwa kilo, kwa namna wanavyoipima. Kikomo si marufuku.

Na sisi? Kenya inafuata sana viwango vya Codex, ile tume ya chakula ya FAO na WHO, kupitia KEBS na viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki. Fosfeti zinaruhusiwa kwa viwango. Zikitiwa, lazima zitajwe kwenye orodha ya viambato. Lakini soma hilo tena taratibu: zitajwe. Kiasi, hapana. Kwenye jedwali la lishe utaona nguvu, protini, mafuta, sukari, chumvi. Fosforasi haimo kwenye orodha ya lazima. Hata mazungumzo yetu ya lebo za onyo za mbele ya pakiti yanahusu sukari, chumvi na mafuta. Shangazi anaweza kujua kwamba 451 imo. Hawezi kujua kama ni kidogo ama ni ya kumjaza wiki nzima.

Hiyo ni pakiti. Smoki yenyewe inauzwa kwenye toroli, na pakiti ilishatupwa asubuhi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Kwenye toroli haki hiyo inaishia kwenye jaa. Na simlaumu kijana wa smoki hata kidogo. Yeye hakuchagua viambato. Anatia kachumbari na ketchapu tu. Yule mgombea wa pili aliyejifanya kumtetea alikuwa anakitetea kiwanda, labda bila kujua.

Kuna jambo moja zaidi la kuuliza kabla ya kupiga makofi: huyu anayeahidi ana mamlaka gani? Wote wawili pale ukumbini walikuwa wanagombea kiti cha wadi. Viwango vya chakula vinawekwa na serikali ya kitaifa. Diwani hawezi "kuizima" soseji mwezi wa kwanza wala wa sitini. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti wanaouzia umma chakula. Hapo diwani ana meno. Anaweza kusukuma bajeti ya maafisa wa afya ya umma. Anaweza kupeleka hoja kwenye bunge la kaunti kwamba wauzaji wabandike lebo ya bidhaa kwenye toroli, karatasi moja tu. Anaweza kuuliza kwa nini zahanati za kaunti zinapima presha lakini hazipimi figo za wenye presha. Na anaweza kuuliza karatasi ya lishe inayogawiwa wagonjwa iliandikwa lini, na nani. Mbunge naye aulizwe kuhusu kiasi cha fosfeti kwenye lebo, maana sheria ya vyakula, dawa na kemikali, Sura ya 254, iko mezani kwake.

Nimeandika hayo kwenye karatasi na nitaenda nayo mdahalo ujao. Kama msimamizi atanipa maikrofoni nitawaambia mlijibiwa nini.

Wiki ijayo: "Kaunti ina pesa, haitaki tu kuzitumia." Leteni mifano, bila majina.

Shangazi amesoma uzi huu kabla sijauweka. Alitaka nitoe ile ya kitana, nikambembeleza ibaki. Jumamosi tulienda naye supamaketi. Akatoa miwani, akasimama mbele ya friji ya soseji akageuza pakiti moja baada ya nyingine akisema "fosi, fosi, hii pia fosi", mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna shida. Akamwambia hakuna shida, anasoma tu. Mwisho akarudisha zote, akaniambia nibebe trei ya mayai: weupe atakula yeye, viini ni vyangu.